Pesa Haitoki Simu Ikiwa Hewani

Ushauri unaotolewa kila mahali kuhusu simu za matapeli ni kwamba usipokee namba usiyoijua. Huenda unamfaa mtu wa mshahara anayeishi Kilimani. Kwa mkulima wa miraa wa Laare au wa muguka kule Kiritiri, namba ngeni ndiyo mteja. Mnunuzi wa Mombasa amepewa namba yako na mwenzake, dereva wa Probox amebadilisha laini, broka wa Eastleigh anauliza bei ya leo. Ukiacha simu iite mpaka ichoke, mzigo unalala, na miraa iliyolala haina bei. Mama wa Runyenjes mwenye watoto wawili bwenini naye hathubutu kuipuuza, maana mwalimu wa zamu huenda akapiga kwa laini yake mwenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza pale ambapo umeshapokea na umeshasema halo.

Kanuni yenyewe ni fupi, nayo ikubaliwe na nyumba nzima kabla ya simu yoyote kuingia: pesa haitoki simu ikiwa hewani. Namba ya siri haitajwi, namba ya kitambulisho haisomwi, na hakuna tarakimu za kubonyeza kwa kuamrishwa na mtu aliye sikioni. Anayetaka mojawapo ya hayo, unakata, unaweka simu mezani, kisha unapiga wewe. Na unapiga namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile aliyokutajia wala ile iliyokupigia.

Utaona kwamba kanuni hii haikudai umtambue tapeli. Hilo ni la makusudi. Watu wengi waliotapeliwa walikuwa na uhakika kwamba wangemtambua, na walimu, makarani wa benki na wachungaji wamo kwenye orodha hiyo. Tapeli hana silaha kubwa kuliko haraka. Mtoto anatoka damu, laini inafungwa saa sita kamili, zawadi inakwenda kwa mwingine, askari ameshika gari lenye mzigo. Ndiyo maana maneno anayoyarudia kuliko yote ni “usikate simu”. Anajua ukikata utapumua, utamsimulia jirani, na jirani atacheka. Mtu wa kweli hapotezi chochote ukikata ukampigia baada ya dakika tano: daktari bado yuko wodini, mwalimu bado yuko shuleni, na Safaricom haihami. Anayeumia kwa hizo dakika tano ni mmoja tu.

Kikwazo kikubwa, hasa kwa wazee wetu, ni adabu. Mzee wa Imenti aliyelelewa kumsikiliza mgeni mpaka amalize haja yake haoni raha kumkatia mtu simu katikati ya sentensi, na mkora anayemwita “baba” au “mama” kila baada ya neno la tatu anaijua tabia hiyo vizuri kuliko sisi. Usimwambie mzee awe mkali, kwa sababu hatakuwa. Mpe sentensi yenye heshima ya kufungia mazungumzo: “Sawa, nimesikia. Nitapiga mwenyewe.” Kisha akate. Aizoee mdomoni kama anavyozoea salamu. Mpigaji akirudi tena kwa hasira, hiyo simu ya pili haipokelewi. Na asijaribu kubishana naye wala kumchezea ili kumpotezea muda, kama vijana wanavyofanya wakirekodi video. Kila dakika anayozungumza, mzee anaacha kitu nyuma: jina la mjukuu, jina la shule, siku anayokwenda sokoni.

“Lakini alijua jina langu lote.” Hili ndilo linalowashawishi watu wengi, na jibu lake ni jepesi. Mtu yeyote mwenye M-Pesa akiandika namba yako kana kwamba anakutumia pesa, jina lako humtokea kabla hajathibitisha. Huduma hiyo iliwekwa kwa wema, ili usimtumie mtu mwingine kimakosa. Tapeli analisoma jina, anaghairi, kisha anakupigia akikuita kwa majina yako yote. Mengine ameyaokota kwa urahisi uleule: kundi la WhatsApp la matanga lenye orodha ya waliochanga, tangazo la harambee lenye namba ya mweka hazina, kitabu cha wageni kwenye geti la jengo fulani mjini ambako uliandika jina, kitambulisho na simu kwa mwandiko safi. Kujua jina lako si ushahidi wa kitu chochote.

Tunapenda kusema “hao ni watu wa Kamiti”. Utani huo una msingi wake, kwa kuwa simu za utapeli kutoka magerezani zimezungumzwa nchini kwa miaka mingi, na wapelelezi wa DCI wamekamata washukiwa mara kwa mara hata kule Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, mji ambao jina lake sasa limeganda na wizi wa laini. Ubaya wa utani ni kwamba unatufanya tumwone tapeli kuwa mtu wa mbali, mwenye sauti ya kuchekesha na Kiswahili cha kubabaisha. Wengine wako karibu. Wanajua bonasi ya chai imeingia, wanajua ng'ombe ameuzwa Ijumaa, na wanaweza kukusalimu kwa lugha yako. Lafudhi ya nyumbani isikupe usingizi.

Sasa tuzitazame simu zenyewe. Siwezi kuzimaliza, maana kila msimu una yake, lakini tatu zinastahili kujulikana kwa undani.

Ya kwanza ni ile ya pesa zilizotumwa kimakosa. Unapata ujumbe kwamba umepokea shilingi 3,500 kutoka kwa mtu usiyemfahamu. Kabla hujamaliza kusoma, simu inaita: mama analia, zilikuwa pesa za dawa, amekosea tarakimu moja, tafadhali mrudishie. Mara nyingi hakuna pesa iliyoingia. Ujumbe umeandikwa kwa mkono na kutumwa kutoka namba ya kawaida, ukaigwa mpaka nukta na herufi kubwa. Ujumbe wa kweli huja kwa jina MPESA na kujipanga pamoja na jumbe zako za zamani. Wa uongo huja peke yake, chini ya namba. Lakini usitegemee macho peke yake, hasa kwenye kabambe yenye kioo kidogo na mwanga wa jua la saa saba. Bonyeza *334#, uangalie salio. Kama salio halikupanda, hakuna kilichoingia, hata ujumbe uwe umeandikwa vizuri kiasi gani.

Na kama salio limepanda kweli? Hapo ndipo watu waungwana hunaswa. Kuna anayetuma pesa halisi, akaomba umrudishie kwa mkono wako, kisha akaiomba kampuni irudishe muamala ule wa kwanza. Wewe umetoa mara mbili. Kwa hiyo usirudishe mwenyewe, hata akilia. Mwambie apeleke ujumbe wake wa muamala kwa namba 456, ambako Safaricom hushughulikia pesa zilizotumwa kimakosa. Kama ni zake zitamrudia kupitia huko. Wewe kazi yako ni kutozigusa. Hujamdhulumu mtu kwa kumwelekeza kwenye njia iliyowekwa.

Wafanyabiashara wa miraa wana toleo lao la mchezo huu, na ndilo baya zaidi kwa sababu haraka ya miraa ni ya kweli. Gari linanguruma pale Maua, dereva anapiga honi, mnunuzi mpya anasema “nimeshatuma, angalia”. Ujumbe unaingia. Mzigo unapakiwa. Salio linaangaliwa jioni. Weka desturi kwamba mzigo wa mteja mgeni haupandi gari mpaka salio lenyewe, si ujumbe, limesomwa na mtu ambaye hakuzungumza na mteja huyo. Mwenzako asiyesikia zile porojo husoma tarakimu vizuri kuliko wewe. Dereva atanung'unika. Muache anung'unike.

Ya pili ndiyo inayovunja moyo. Huja mchana, siku ya shule. Anayepiga anajiita naibu wa mwalimu mkuu, au muuguzi, na anazungumza kwa utulivu. Mtoto wako ameanguka ngazini, amekimbizwa Level Five ya Embu au hospitali ya rufaa ya Meru, madaktari wako tayari, lakini picha ya kichwa inalipiwa kwanza. Nyuma unasikia kelele za watu na pengine mtoto analia. Mzazi gani atauliza maswali hapo? Siku hizi kuna hofu kwamba sauti ya mtu inaweza kuigwa na kompyuta, na hofu hiyo ina msingi, lakini tukubali kwamba mtandao mbovu na sauti ya kilio vilitosha kutulaghai tangu zamani. Kilio kwenye simu hakina mwenyewe.

Maandalizi ya simu hii hufanywa siku ya kufungua shule, si siku ya ajali. Kabla hujaondoka Kangaru au Kaaga au popote mtoto anaposoma, chukua namba ya ofisi, ya mwalimu wa darasa na ya msimamizi wa bweni. Ziandike kwa kalamu nzito nyuma ya kalenda ya Sacco iliyo ukutani, kwa sababu siku hiyo mikono itatetemeka na hutakumbuka ulizihifadhi kwa jina gani. Simu ya ajali ikija, kata, upige ofisini. Kama ofisi haipokei, mpigie mzazi mwingine mwenye mtoto shule hiyohiyo. Kama kweli mtoto yuko hospitalini na kuna malipo, yalipwe kwa njia ya hospitali yenyewe. Ukiweka namba ya malipo na jina linalokutokea ni la mtu binafsi badala ya la hospitali, simama hapo. Jina hilo linalotokea kabla hujathibitisha ndiyo nafasi yako ya mwisho. Lisome kwa sauti.

Kwa watoto wakubwa walio Nairobi, au binti aliye kazini Saudi Arabia, mkubaliane swali moja la nyumbani. Lisiwe tarehe ya kuzaliwa wala jina la babu, hayo yako Facebook. Liwe jambo ambalo halijawahi kuandikwa popote: yule ng'ombe mweusi tulimuuzia nani? Mti gani uliangukia jiko? Anayepiga kwa namba mpya akisema “ni mimi, nimeibiwa simu, tuma kwa hii”, ulizwe hilo kwanza. Mtoto wa kweli atajibu huku akicheka. Wa uongo ataanza kukulaumu kwamba humpendi. Na kama una ndugu ng'ambo, uijue namba ya nchi yake, kama +966 ya Saudi Arabia. Mlio mmoja kutoka nchi ambako huna mtu, kisha kimya, ni chambo cha kukufanya upige na kuliwa salio, usirudishe.

Ya tatu ni simu ya “huduma kwa wateja”. Laini yako haijasajiliwa vizuri, au M-Pesa yako imepata hitilafu, au umepewa ongezo la Fuliza. Anachotaka ni mojawapo ya mambo mawili. Anataka utaje namba ya siri, kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa, ili akabadilishe laini yako kwa jina lako. Au anataka ubonyeze msururu wa nyota na tarakimu anazokusomea polepole. Msururu unaoanza na nyota mbili na 21, kwa mfano, huhamisha simu zako zote ziende kwa namba nyingine. Kuanzia hapo, benki ikikupigia kuuliza kama ni wewe unayetoa pesa, atakayejibu ni yeye.

Safaricom imeshasema wazi kwamba ikikupigia hutumia namba 0722 000 000 na nyingine hapana. Iweke kwenye simu ya kila mtu nyumbani. Hata hivyo, hata simu ikitoka kwenye namba hiyo, namba ya siri haitajwi. Hakuna mfanyakazi wa kampuni yoyote anayeihitaji. Ukiwa na shaka, kata, piga 100 wewe mwenyewe, au 234 kwa mambo ya M-Pesa. Wa Airtel nao wana 100 yao. Ukikumbuka kwamba uliwahi kubonyeza kitu usichokielewa, andika ##002# kama unavyopiga simu. Hufuta uhamishaji wote wa simu kwenye laini yako, na haidhuru kitu kama haukuwepo. Kisha bonyeza *106#, utazame ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, usingoje Jumatatu kuiripoti. Na kwa *100*100# unaweza kuizuia laini isibadilishwe na wakala, ili anayetaka kuibadilisha alazimike kwenda duka la Safaricom ana kwa ana. Ni dakika moja, na ajabu ni watu wachache wanaofanya.

Dalili ya laini iliyoibwa ni mtandao kupotea ghafula kwenye simu yako huku ya jirani yako, wa kampuni hiyohiyo, ikiwa nao. Usidhani ni mlingoti. Tumia simu ya jirani kupiga 100 hapohapo waifunge.

Kuna kalenda ya simu hizi, na ukiijua unapunguza mshangao. Oktoba wakulima wa chai wa KTDA hulipwa bonasi, na redio hutangaza kiwango cha kila kiwanda, kwa hiyo tapeli anasikia wakati uleule unaosikia wewe. Mtu wa Mungania au Githongo akipigiwa na “karani wa kiwanda” kwamba bonasi yake imekwama na inahitaji ada ya kuifungua, ajue kwamba pesa ya chai huingia benki au Sacco bila ya yeye kulipa chochote. Malipo ya kahawa ni vivyo hivyo. Mvua ikikaribia huja simu za mbolea ya ruzuku. Kusajiliwa hakulipiwi, na bei hulipwa unapochukua mfuko. Wazee wa miaka 70 na zaidi huahidiwa kuingizwa Inua Jamii, ile ya shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa “ada kidogo ya fomu”. Hakuna ada, njia ni chifu na ofisi ya serikali. Vijana wanapongoja usaili wa jeshi, mtu hupiga akisema ana nafasi moja iliyobaki. Jeshi la Kenya hurudia kila mwaka kwamba nafasi haiuzwi. Januari ni karo. Kwa ufupi, jiulize: ni nani mwingine aliyejua kwamba wiki hii ningekuwa na pesa, au ningekuwa na shida?

Hapo hapo niseme jambo moja kuhusu pesa yenyewe. Tangu 2023 akaunti ya M-Pesa inaweza kubeba hadi shilingi 500,000. Kwamba inaweza haina maana kwamba ibebe. Bonasi ikilala Sacco, ambako kutoa kunahitaji kuvuka barabara na kusalimiana na karani, tapeli anapaswa kukushikilia kwa saa nyingi, na haraka yake inakufa njiani. Kwenye simu ya shosho pawe na pesa za wiki. Kama hatumii Fuliza ajiondoe, ili aliyepata namba ya siri asije akamkopea deni juu ya alichoiba.

Simu ya shosho inahitaji maneno zaidi, kwa sababu katika nyumba nyingi si yake peke yake. Mjukuu anamsomea ujumbe, jirani anamtolea pesa, mpwa anaijua namba ya siri kwa kuwa ndiye aliyeiweka, na mara nyingi ni mwaka wa kuzaliwa. Mkae naye Desemba mkiwa wote nyumbani. Ibadilishwe, na ajulikane mtu mmoja tu wa kumsaidia, aliyechaguliwa na yeye, si na ninyi. Majina kwenye simu yaandikwe kama anavyowaita: “Mwanangu wa Thika” ni bora kuliko jina la kanisani ambalo hajalizoea. Kabla hajamtumia mtu yeyote zaidi ya kiasi mlichokubaliana, ampigie mtu mmoja wa nyumbani. Kama ni shilingi 1,000, iwe 1,000 bila ubaguzi, hata kwa mchungaji. Kanuni yenye ubaguzi hutafutiwa ule ubaguzi.

Na mfanyeni wakala wa M-Pesa wa pale sokoni kuwa mtu wa nyumbani. Nendeni mjitambulishe: huyu ni mama yetu, akija na haraka isiyo ya kawaida, akiwa na simu sikioni, tafadhali mwulize anamtumia nani. Mawakala wengi wameokoa pesa nyingi za wazee kwa swali hilo tu. Wakala pia haruhusiwi kuweka pesa taslimu moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu asiyekuwepo. Anayekuambia umwambie wakala “weka hii kwa namba hii” anakutaka uvunje kanuni iliyowekwa kukulinda, na anajua kwa nini.

Programu za kwenye simu za kisasa zinazoonyesha jina la anayepiga, kama Truecaller, zina msaada wake, hasa pale watu wengi wameshaitia namba doa. Lakini mtu anaweza kujisajili humo kwa jina analotaka. Ukiona “Safaricom Customer Care” na picha ya kijani juu ya namba ya kawaida, hiyo ni kazi ya dakika mbili ya mkora.

Zipo simu zisizoiba lakini zinachosha. Wauzaji wa bima, kamari, nyimbo za miito: hizi hazihitaji hofu, zinahitaji kufungiwa. Kwa ujumbe wa matangazo, wa Safaricom hubonyeza *456*9*5# na kufuata menyu mpaka kwenye kusimamisha. Simu ya mashine inayokuambia ubonyeze moja ili kuendelea, usibonyeze chochote, hata kile inachosema ni cha kujiondoa.

Zile za programu za mikopo ni jambo zito zaidi. Umekaa nyumbani Nkubu, hujakopa, na mtu anakupigia mara kumi akitukana kwa sababu binamu yako alikopa na namba yako ilikuwa kwenye simu yake. Hapa sheria iko upande wako waziwazi. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho, matusi na kuwaandama watu waliomo kwenye orodha ya simu ya mkopaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inakuruhusu kudai kwamba namba yako isitumiwe bila ridhaa yako, na kamishna wa data, Immaculate Kassait, ameitumia kwa meno: mwaka 2023 ofisi yake iliitoza kampuni ya mikopo ya Whitepath faini ya shilingi 5,000,000, na baadaye mwaka huohuo Mulla Pride, wenye programu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000.

Unachofanya ni hiki. Pokea mara moja, useme: “Mimi si mdhamini wake. Kampuni yenu inaitwaje? Sitaki kupigiwa tena.” Andika saa na namba. Wakirudi, hifadhi ujumbe na picha za kioo, kisha upeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kupitia tovuti yake; sheria inaitaka imalize uchunguzi ndani ya siku 90. Usilipe hata shilingi ya deni la mwingine ili wakuache, kwa sababu hawatakuacha: watakuwa wamegundua kwamba wewe hulipa. Binamu naye aambiwe, kwa faragha. Aibu ya hadharani ndiyo wanayoiuza.

Mwisho ni pale ambapo pesa imeshakwenda. Dakika za kwanza ndizo za thamani, kwa kuwa tapeli hutoa au huhamisha haraka. Peleka ujumbe wa muamala kwa 456, piga 234 au 100, ueleze ni utapeli. Badilisha namba ya siri. Kama ulitaja chochote cha benki au Sacco, wapigie pia. Usifute ujumbe wowote, hata ule unaokutia aibu. Namba ya tapeli uitume kwa 333, ambayo ni bure, na DCI wana 0800 722 203, nayo bila malipo. Kisha nenda kituo cha polisi ukaandikishe, utoke na namba ya OB, kwani bila hiyo kampuni na benki zina kisingizio cha kukungojesha. Sheria ya Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inahusu makosa haya, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba hilo ni jambo la kati yako na aliyekupigia. Pesa iliyokwisha kutolewa hurudi kwa nadra, na anayekuahidi vingine anakudanganya.

Aliyetapeliwa akiwa mzee, asigombezwe mbele ya wajukuu. Akigombezwa leo, ya pili hataisema, na ya pili huja. Majina na namba za waliokwisha kulipa huwafikia matapeli wengine. Baada ya muda atapigiwa na mtu anayejiita mpelelezi: wezi wamekamatwa, pesa zimepatikana, tuma 1,500 za kufungua faili. Faili halifunguliwi kwa M-Pesa. Akate, achukue ile namba ya OB, aende kituoni akaulize mwenyewe.